Les Kilimambogo Brothers: Bendi Iliyobeba Jina la Nyumbani

Ukitoka Thika kwa barabara ya Garissa, ukiyapita mashamba ya mananasi, upande wa kulia utaona mlima mmoja uliosimama peke yake juu ya tambarare. Kwenye ramani umeandikwa Ol Donyo Sabuk. Kwa wakazi wa pale ni Kilimambogo, na kilele chake kina urefu wa mita 2,145 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1967 serikali iliutenga kuwa hifadhi ya taifa. Chini yake Mto Athi unaporomoka kwenye miamba ya Fourteen Falls, kisha unaendelea na safari yake kuelekea Ukambani.

Eneo hilo ndilo lililomzaa Kakai Kilonzo mwaka 1954. Katikati ya miaka ya 1970 akawa kiongozi wa Les Kilimambogo Brothers Band, mojawapo ya bendi kubwa kabisa za benga nchini Kenya. Nusu karne hivi imepita tangu santuri zao za mwanzo zianze kuzunguka. Historia hii fupi imeandikwa kwa heshima ya bendi hiyo, na kwa ajili ya watu wa Thika, Ruiru na Mwiki ambao bado wanazisikia nyimbo zake lakini hawajapata kuelezwa zilitoka wapi.

Ardhi ya mpakani

Kilimambogo ni mpakani. Leo mlima uko Kaunti ya Machakos, ilhali ukivuka upande wa Thika umeshaingia Kiambu. Tangu zama za ukoloni ardhi hii ilikuwa ya mashamba makubwa. Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyefariki mwaka 1925, alizikwa kwenye mlima huo, na kaburi lake lipo hadi leo. Mkonge ulilimwa huku, mananasi kule, na mwaka 1948 kiwanda cha Kenya Canners, ambacho baadaye kilikuja kuwa Del Monte, kikaanza kazi Thika.

Kazi za mashamba na viwanda zilivuta watu kutoka Machakos, Kitui, Murang'a, Kiambu na hata mbali zaidi. Mkamba alipanga chumba kando ya Mkikuyu, Mluhya akafanya zamu moja na Mjaluo. Nyumbani kila mtu alisema lugha ya mama yake. Kwenye foleni ya mshahara, sokoni na kwenye baa, Kiswahili ndicho kilichotumika. Mtoto aliyekulia hapo alijua mapema kwamba habari ya kijiji kimoja inaweza kusimuliwa kwa lugha mbili bila kupoteza utamu wake. Ujuzi huo wa sokoni ndio uliokuja kuipa bendi ya Kakai nafasi ambayo wenzao wengi hawakuipata.

Ukambani pia kulikuwa na urithi wa zamani zaidi kuliko gitaa. Wakamba humwita ngui yule mtunzi anayeongoza wimbo kwenye ngoma. Ngui hakuwa wa kuburudisha tu. Alimsifu aliyestahili sifa, akamtaja aliyekosea, akawakumbusha vijana wajibu wao, na watu wakampa ruhusa hiyo kwa sababu walimjua na yeye aliwajua. Kakai Kilonzo na waimbaji wa rika lake walirithi kiti cha ngui. Walichoongeza ni nyaya za umeme na vipaza sauti.

Benga yafika Ukambani

Benga ilianzia kwa Wajaluo wa Nyanza, ambako vijana waliyahamishia kwenye gitaa mapigo ya nyatiti, ala yao ya nyuzi. D. O. Misiani na Shirati Jazz waliisambaza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na Victoria Jazz wakafuata mwaka 1972. Muda si muda kila jamii iliyokuwa na magitaa ilikuwa na benga yake.

Wakamba walipoishika waliifanya kuwa kitu kingine. Sikiliza santuri yoyote nzuri ya Kikamba ya wakati ule. Dramu kubwa ya mguu inapiga moja kwa moja, haraka, bila kupumzika. Besi inaruka juu yake kwa mafungu mafupi. Gitaa la solo linajibizana na mwimbaji. Gitaa la pili nalo linapiga mfululizo wa noti nyepesi, za juu, za kasi, zinazojaza kila nafasi iliyoachwa na wengine, hata msikilizaji asipate tundu la kuchungulia kimya. Sauti za kuimba huenda mbili pamoja, zimebanana. Maneno yakiisha, waimbaji hunyamaza na magitaa huchukua uwanja hadi mwisho.

Katika ulimwengu huo makundi matatu yalitawala: Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki, Kyanganga Boys wa Peter Mwambi, na Les Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo. Kalambya walikuwa pia na kundi la dada zao, Kalambya Sisters, ambao wimbo wao Katelina wa mwaka 1983 ulifika hadi masikio ya Ulaya. Ushindani ulikuwa mkali, na ushindani huo ulinoa kila upande.

Kuitwa kwa jina la kwao

Jina la bendi linaonyesha zama zake. Neno la kwanza lilikuwa mtindo wa siku hizo, uliotokana na bendi za Kikongo zilizohamia Nairobi na wakati huo zikitamba kwenye kumbi za jiji, Les Mangelepa wakiwa miongoni mwao. Undugu uliotajwa mwishoni ulikuwa ahadi kwa wasikilizaji kwamba hawa ni kundi moja. Katikati pakakaa mlima wa nyumbani.

Afrika Mashariki ilikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilibeba jina la mji wake hadi Mbaraka Mwinshehe alipoifanya ijulikane kote, kabla hajaiacha mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Kulikuwa na Tabora Jazz, na Shirati Jazz wenyewe walibeba jina la mji mdogo wa Tanzania ulio karibu na ziwa. Bendi iliyojiita kwa mji wake ilikuwa imejifunga kwao: ikipiga vizuri, mji unasifiwa, na ikivurunda, kuna watu nyumbani watakaouliza. Wana Kilimambogo walijifunga hivyo kwa hiari, na jina la soko dogo la barabara ya Garissa likaanza kutamkwa Kisumu, Mombasa na Nakuru na watu wasiowahi kuuona mlima huo.

Njia ya santuri

Biashara ya muziki wakati huo ilikuwa River Road, Nairobi. Huko ndiko walikokuwa watayarishaji, maduka ya jumla na wenye lebo. Bendi ilitoka nyumbani na nyimbo zilizokwisha kujaribiwa mbele ya watu, ikaingia studio, ikarekodi kwa muda mfupi kwa sababu muda ulikuwa pesa. Wimbo ulitoka kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, na kwa kuwa upande mmoja haukutosha, mara nyingi benga iligawanywa: maneno upande wa kwanza, na upande wa pili magitaa yakaendelea pale yalipokatizwa.

Santuri hiyo, ndani ya ganda lake la karatasi, ilipanda basi kama abiria. Ilishuka Ruiru, Thika, Machakos, Kitui. Mfanyakazi wa kiwandani aliyepokea mshahara mwisho wa mwezi aliinunua, akaenda nayo nyumbani kwenye gramafoni ya betri, na majirani wakaja kusikiliza. Mwenye baa aliinunua kwa sababu bila hiyo wateja wangehamia kwa jirani. Katika benga kutaja majina ni jambo la kawaida: rafiki, mfadhili, dereva, mzee wa kijijini, kila mmoja huitwa ndani ya wimbo kati ya mapigo ya gitaa. Kwa mtu wa mji mdogo, kusikia jina la kijiji chake likitoka kwenye santuri iliyochapwa Nairobi kulimaanisha kwamba na yeye yumo nchini humu.

Kiswahili na taifa

Nyimbo nyingi za Kikamba zilibaki Ukambani, na hilo halikuwa kosa la waimbaji. Sauti ya Kenya, redio pekee ya nchi, ilikuwa na saa chache za lugha za kienyeji, ilhali idhaa ya taifa ya Kiswahili ilisikika kila mkoa. Kakai Kilonzo aliimba Kikamba kwa ustadi, kisha akaimba Kiswahili kwa ustadi uleule. Mama Sofi, wimbo unaokumbukwa kuliko zake zote, ulivuka mipaka ya kabila na ukachezwa kwenye baa na harusi za watu wasiojua neno hata moja la Kikamba.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha Thika na Kilimambogo, chepesi, chenye lafudhi ya kwao, cha watu wanaozungumza juu ya ndoa, pesa, ulevi, wivu na majirani. Hakujaribu kuimba kama mtu wa pwani wala kama Mkongo. Alileta mambo ya jamii yaliyomhusu kila mfanyakazi wa Kenya, na kwa sababu hiyo, kati ya makundi yale matatu, Kilimambogo Brothers ndio waliopata wapenzi wengi zaidi nje ya Ukambani. Hapo ndipo somo kubwa la bendi hii lilipo: taifa zima liliwasikiliza kwa sababu walisema mambo ya nyumbani kwao waziwazi, kwa lugha ambayo nyumbani hapo ilikuwa imeshawaunganisha watu wengi.

Mwaka 1987

Kakai Kilonzo alifariki mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Bendi iliyomzunguka yeye kama mtunzi na kiongozi haikupata tena nafasi ile. Msiba ulikuja wakati mbaya kwa muziki wote. Kanda zilikuwa zimechukua nafasi ya santuri, na kanda ilikuwa rahisi kunakiliwa na mtu yeyote mwenye mashine mbili. Chama cha haki za muziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983 kukusanya malipo ya watunzi, lakini nakala za wizi zilijaa sokoni na wanamuziki wengi wakabaki na sifa bila kipato.

Nyimbo hazikufa pamoja naye. Mikusanyo ya kazi zake ilitolewa tena kwenye CD huko Ulaya, na redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM zimekirudishia kizazi kipya mapigo yale. Ukiwasikiliza wanamuziki wa Kikamba wa siku hizi kama Ken wa Maria, Kativui au Maima, utalisikia gitaa la pili likikimbia kwenye njia ileile.

Thika katikati

Thika ilikuwa na bahati ya kukaa kati ya chemchemi mbili. Mashariki ni Kilimambogo. Upande wa pili ni Gatanga, ambayo hapo awali ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Thika na leo iko Murang'a. Huko ndiko alikotoka Daniel Kamau, DK, aliyetoa rekodi zake za kwanza mwaka 1967 na 1968 akiwa bado mwanafunzi, na aliyeiingiza benga katika muziki wa Kikuyu. Huko pia ndiko alikotoka John De'Mathew, aliyefariki kwa ajali ya barabarani Thika, karibu na hoteli ya Blue Post, tarehe 18 Agosti 2019. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa akiba wa wanamuziki. Alizikwa kwao Gatanga.

Waimbaji hawa hawakuutumia mji mdogo kama ngazi ya kupandia na kuiacha nyuma. Waliimba habari za kwao; Kakai akatumia jina la kwao, na De'Mathew akazikwa kwenye udongo wa kwao.

Deni letu

Leo Ruiru na Mwiki zimejaa watu waliotoka kila pembe ya Kenya, kama ilivyokuwa kwenye mashamba ya Kilimambogo. Wikendi, mwimbaji mmoja mwenye gitaa hupiga mugithi wa Kikuyu hapa, na nyumba ya pili wanacheza benga ya Kikamba. Vijana wanaorekodi kwenye vyumba vya kupanga wana mfano mkubwa ulio karibu nao kuliko wanavyodhani.

Yapo mambo yanayowezekana. Kaunti za Kiambu na Machakos zinaweza kukusanya santuri zilizobaki kwa wazee kabla hazijaliwa na vumbi, na kuandika majina ya wapiga gitaa, wapiga besi na wapiga dramu ambao lebo ziliwaacha. Shule za eneo hilo zinaweza kuwafundisha watoto nyimbo hizo pamoja na historia ya mashamba zilikotoka. Warithi wa watunzi wanastahili kulipwa kila wimbo unapochezwa hewani. Kakai Kilonzo alilitangaza jina la Kilimambogo kwa nchi nzima bila kutumwa na mtu. Kulihifadhi jina lake ni kazi ya sisi tunaoishi kando ya barabara aliyopita.