Mkopo wa HELB kwa anayerejea kusomea usanifu majengo

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, jirani na mtaa wa Ngara, masomo ya usanifu majengo huchukua miaka 6 kwa jumla, na wapo wanaoyakatiza njiani.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyobuniwa kwa sheria ya 1995, hupokea maombi upya kila mwaka wa masomo. Anayerejea hana budi kukubaliwa na chuo kwanza, kisha aombe tena.

Sheria humtaka mkopaji aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, au mapema zaidi bodi ikidai fedha zake. Hivyo, barua ya chuo ya kuahirisha masomo ihifadhiwe: bila hiyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba masomo hayakuachwa.