Gesi ya Bandani: Historia ya Bayogesi Migombani Kilimanjaro

Kufungia ng'ombe bandani ni desturi ya kale kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Katika ukanda wa migomba, kati ya mita 900 na 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, kihamba, yaani shamba la nyumbani, hakina nafasi ya malisho. Wachaga walimfuga ng'ombe ndani, zamani katika nyumba ileile waliyolala, wakamlisha majani yaliyobebwa kichwani kutoka tambarare pamoja na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Samadi ilirutubisha migomba, na baadaye kahawa.

Kuni zilitoka kihambani na msituni. Watu walivyoongezeka na vihamba kugawanywa, zilizidi kuadimika. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa msitu ili wananchi wapate kuni na mbao. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliokuwa nje yake ukaunganishwa nayo.

Mitambo ya bayogesi, inayotoa gesi ya kupikia kutoka kwa samadi badala ya kuni, ilianza kuenezwa nchini Tanzania na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mwaka 1975, kwa mfano wa Kihindi wenye pipa la chuma linaloelea juu ya samadi. Chuma kilikuwa ghali na kilishika kutu. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoundwa Arusha kwa sheria ya mwaka 1981, kilishirikiana na shirika la Ujerumani la GTZ kuanzia mwaka 1983 na kusanifu mtambo wa kuba la matofali unaojengwa chini ya ardhi. Kilimanjaro palikuwa tayari kwa mtambo huo: ng'ombe hawatangatangi, samadi yote iko mahali pamoja, na maji ya kuichanganya hupatikana kwa mifereji na mabomba.

Gesi inayotoka kubani ni methani na kabonidioksaidi. Methani ndiyo inayowaka, nayo ndiyo gesi iliyoua wachimbaji wengi katika migodi ya makaa ya mawe ya Ulaya. Wahandisi wa migodi wa Ufaransa, Mallard na Le Chatelier, waliieleza hatari hiyo mwaka 1883 kwa majaribio ya mabomba yaliyojazwa gesi iliyokwisha kuchanganyika na hewa. Mwali ulianza kwa mwendo wa utulivu, kisha ukatetemeka na kunguruma. Kanuni ya mngurumo huo ilikwisha kutolewa na mwanafizikia Mwingereza Rayleigh mwaka 1878: joto likiongezeka wakati uleule shinikizo linapopanda, kila wimbi la sauti hupata nguvu mpya. Wimbi hilo huukunja uso wa mwali, mwali uliokunjika huunguza gesi nyingi zaidi, na mtetemo huzidi kukua.

Kwa sababu hiyo, gesi ya kubani husafiri bombani bila hewa. Hewa huingia kwenye jiko lenyewe, kupitia matundu yaliyo karibu na pua ya gesi, kwa njia ambayo mkemia Mjerumani Bunsen aliitumia mjini Heidelberg mwaka 1855. Mwali hutulia juu ya matundu ya jiko pale kasi ya gesi inapolingana na kasi ya kuungua. Gesi ikipita kwa kasi mno, mwali huinuka na kuzimika. Ikipungua mno, mwali hurudi ndani ya jiko kwa mlio wa ghafla. Kabonidioksaidi hupunguza kasi ya kuungua, hivyo jiko la bayogesi huhitaji vipimo vyake vya pekee. Mtambo mpya una hewa kubani na bombani, ndiyo maana gesi ya kwanza huachwa itoke nje bila kuwashwa.

Mwaka 2009 Programu ya Taifa ya Bayogesi ya Majumbani ilianza chini ya CAMARTEC, ikafundisha mafundi waashi wa vijijini kujenga na kutunza mitambo. Baridi ya vijiji vya juu hupunguza kazi ya bakteria wanaozalisha gesi kutoka kwa samadi, na familia isiyo na ng'ombe wa kutosha haifaidiki. Penye ng'ombe, mama hupikia moto usio na moshi, na tope linalotoka mtamboni hubaki na rutuba ya samadi kwa ajili ya migomba na kahawa.