Moyo wa Ng'ombe Kwenye Makaa ya Lima

Kila Oktoba mitaa ya katikati ya Lima, mji mkuu wa Peru, hujaa watu waliovaa zambarau. Wanafuata picha ya Kristo msulubiwa, Señor de los Milagros, ambayo chimbuko lake ni mchoro wa ukutani uliochorwa mwaka 1651 na mtumwa kutoka Angola. Tetemeko la 1655 liliangusha majengo mengi mjini, lakini ukuta ule ulibaki umesimama. Msafara unapopita, pembeni hufuka moshi wa majiko ya mkaa. Juu ya majiko hayo kuna anticuchos, yaani vipande vya moyo wa ng'ombe vilivyotungwa vijitini, mishkaki ya Peru. Ibada hii na chakula hiki vyote vimepitia mikononi mwa Waafrika wa Lima.

Watu hao walifikaje upande wa pili wa Amerika, kwenye bahari ya Pasifiki? Wengi walivushwa Atlantiki kama watumwa hadi bandari ya Cartagena, wakapitishwa nchi kavu Panama, kisha wakapakiwa tena melini hadi bandari ya Callao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 17, karibu nusu ya wakazi wa Lima walikuwa Waafrika na wazao wao. Mmoja wao Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanamjua vizuri: Mtakatifu Martin de Porres, aliyezaliwa Lima mwaka 1579 na mama mweusi aliyekuwa ameachwa huru.

Kabla ya Wahispania kufika hakukuwa na ng'ombe Peru. Watu wa milima ya Andes walikula nyama ya llama na walikuwa na pilipili zao za kila rangi. Wahispania walileta ng'ombe, siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Simulizi inayosikika zaidi ni kwamba mabwana walijichukulia mnofu na kuwaachia watumwa moyo, utumbo na miguu. Huenda ndivyo ilivyokuwa, lakini simulizi hiyo ikikomea hapo inawapunja wapishi. Moyo ni msuli usiopumzika na hauna mafuta mengi ndani yake. Ukikaa motoni kupita kiasi unakuwa mgumu. Ilihitaji mtu anayejua kazi ya siki, anayejua unene wa kipande, na anayejua wakati wa kuepua. Ujuzi huo hakuna bwana aliyeugawa pamoja na utumbo.

Wengi wa waliouza vyakula barabarani walikuwa wanawake. Mjini Lima watumwa wengi walitumwa kutafuta riziki mitaani: jioni walimkabidhi bwana kiasi kilichopangwa, na kilichozidi kikawa chao. Kwa senti hizo za ziada wapo waliojinunulia uhuru wao, na wengine wa watoto wao. Ukitaka kuona sura za wauzaji wa Lima ya karne ya 19, tazama michoro ya rangi za maji ya Pancho Fierro, aliyezaliwa mwaka 1807 na mama mtumwa. Aliwachora wauza maziwa, matunda na vyakula vilivyopikwa, kila mmoja na nguo zake na mzigo wake. Utumwa ulifutwa Desemba 1854 kwa amri ya Ramón Castilla, lakini majiko hayakuzimwa.

Ukitaka kupika anticuchos nyumbani, kazi huanza siku moja kabla. Mwombe mwenye bucha moyo mmoja mbichi. Toa mafuta ya nje, mishipa na ngozi nyembamba inayoufunika, bila haraka, maana ndiyo inayokunjamana motoni. Kata vipande bapa vya upana wa vidole viwili. Kiungo kikuu ni ají panca, pilipili iliyoiva hadi ikawa nyekundu iliyokolea kisha ikakaushwa, yenye harufu ya moshi na isiyo kali. Kwa kuwa huku haipatikani kirahisi, loweka pilipili nyekundu kavu zisizo kali, toa mbegu, usage. Changanya na saumu iliyopondwa, bizari nyembamba, oregano, chumvi, siki na mafuta kidogo. Nyama ilale humo usiku kucha.

Siku ya pili tunga vipande vitatu au vinne kwa kila kijiti, vilale bapa ili viguse moto sawasawa. Makaa yawe mekundu. Wauzaji wa Lima hufunga maganda ya hindi yakawa brashi, wakachovya kwenye viungo vilivyobaki na kupaka juu ya nyama. Mafuta yanadondoka, ndimi za moto zinaruka, na harufu inafika kona ya mtaa. Dakika mbili au tatu kila upande zinatosha, kisha epua. Mlo huliwa na viazi vya kuchemsha na kipande cha hindi lenye punje kubwa nyeupe, na mchuzi wa pilipili pembeni kwa anayependa ukali. Katika Lima ya leo anticuchos huuzwa kwenye toroli za mtaani na kwenye mikahawa ya gharama, na bado wanaozichoma mitaani wengi wao ni wanawake.