Pikapu Kubwa za Dizeli: Kutoka Pampu ya Chuma Hadi Programu

Leo tunaacha seva na hifadhidata kando, tunafungua boneti. Gari lenyewe ni ile pikapu kubwa ya dizeli ya Kimarekani, inayobeba mzigo na kuvuta trela la tani kadhaa. Swali ni rahisi: tangu miaka ya 1980, wahandisi wameipunguziaje kiu ya mafuta?

Fundi atakutajia turbo, gia na tairi, na hatakuwa amekosea. Lakini ukiisoma historia hii kwa jicho la mwandishi wa programu, utaona swali moja linalojirudia: ni nani anayeamua dizeli iingie kwenye silinda wakati gani?

Kanuni yenyewe

Kwa wale wasiojua, injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Pistoni hubana hewa mpaka iwe moto sana, kisha dizeli hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Ukiipuliza mapema kidogo, msukumo mkubwa unaipata pistoni inapoanza kushuka, na kazi nyingi inafanyika kwa mafuta machache. Ukichelewa, sehemu ya joto inatokea ekzosi bila kufanya kazi.

Basi kwa nini tusipulize mapema siku zote? Kwa sababu moto ule mkali huunganisha nitrojeni na oksijeni zilizomo hewani, na kupata oksidi za nitrojeni, gesi zinazoumiza mapafu na kuchangia ukungu mchafu wa mijini. Kwa maneno mengine, mwenye gari anaokoa mafuta na jirani yake anakohoa. Shikilia hapo, tutarudi.

Enzi ya chuma

Mnamo Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisimamisha mauzo ya mafuta kwa Marekani. Mwaka 1974 serikali ya huko iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa (kama kilomita 89) barabarani. Wengi waliichukia sheria hiyo, na mwaka 1995 ikafutwa, lakini hesabu yake ilikuwa sawa. Nguvu ya upepo unaolizuia gari hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukitoka kilomita 90 kwa saa ukaenda 120, upepo unakuzuia karibu asilimia 78 zaidi. Na pikapu kubwa ina uso kama ukuta wa nyumba.

Watengenezaji nao wakageukia dizeli. General Motors walitoa injini ya lita 6.2 mwaka 1982, na Ford wakafuata na ya lita 6.9 mwaka 1983. Zote mbili zilipuliza mafuta kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni, ndipo moto uingie kwenye silinda. Zilikuwa tulivu kiasi, ila joto jingi lilipotelea kwenye kuta za chumba hicho.

Mwaka 1989 Dodge waliweka kwenye pikapu ya Ram injini ya Cummins ya lita 5.9, ya ukoo uliokuwa ukitumika kwenye mashine za kilimo. Ilikuwa na turbo, na ilipuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda. Nguvu zake za farasi zilikuwa 160 tu, lakini ilivuta kama punda wa Lamu na kunywa kidogo. Mwanzoni gia zake za otomatiki zilikuwa tatu. Ikaja ya nne, injini ikaweza kuzunguka polepole barabara kuu, na kikaongezwa kipoza hewa baada ya turbo.

Wakati wa kupuliza uliamuliwa na pampu ya Bosch yenye chuma na springi. Fundi aliulegeza mkao wa pampu, akaisogeza kidogo, akakaza nati. Kila mtu aliweza kuona alichofanya.

Kompyuta yaingia

Katikati ya mwaka 1998 injini hiyo ilipata pampu iliyoongozwa na kompyuta. Mwaka 2001 General Motors wakaleta Duramax, waliyoiunda pamoja na Isuzu, jina ambalo kila abiria wa matatu Nairobi analijua. Duramax ilitumia bomba moja la pamoja lenye shinikizo kubwa, na vali za umeme zikiamua kila silinda ipate mafuta lini. Ram nayo ikafuata mwaka 2003, kwa shinikizo la kufikia baa 1,600.

Hesabu kidogo. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, digrii moja ya mzunguko ni sehemu moja ya 12,000 ya sekunde. Kompyuta inaweza kuchagua digrii hiyo upya kwa kila mpulizo, ikiangalia kasi, joto na mzigo. Inaweza hata kupuliza tone dogo kwanza, kisha mafuta yenyewe. Ndiyo maana injini mpya hazigongi kama mashine za posho mill.

Mstari mmoja wa programu

Hapa tutoke kwenye pikapu kidogo, twende kwa malori makubwa, maana huko ndiko uamuzi huu ulikoanza kuhamia kwenye kompyuta. Mnamo Oktoba 1998 serikali ya Marekani ilitangaza makubaliano na watengenezaji 7 wa injini za malori, wakiwemo Caterpillar, Cummins, Volvo na Mack. Serikali ilidai kuwa programu za injini hizo zilikuwa na tabia mbili. Ukitaka kuielewa, iandike hivi:

kama (gari liko barabara kuu kwa mwendo usiobadilika)
    puliza mapema, okoa mafuta
la sivyo
    puliza kwa kuchelewa, faulu mtihani wa moshi

Kwenye maabara injini ilikuwa safi. Njiani ilitoa oksidi za nitrojeni hadi mara tatu ya kiwango. Injini zilizohusika zilikuwa kama milioni 1.3, na faini ilikuwa dola milioni 83.4.

Tazama mistari ile tena. Hakuna kosa la kiprogramu hata moja. Inafanya kazi, ni mifupi, na mteja anafurahi akifika kituo cha mafuta. Anayelipa hayumo kwenye gari.

Suluhisho lililogharimu

Kuanzia 2007 sheria zilikaza. Dizeli ya Marekani ilikuwa imeshapunguzwa salfa hadi sehemu 15 kwa milioni kuanzia 2006, kwa sababu salfa huua vifaa vya kusafisha moshi. (Afrika Mashariki tulishuka hadi 50 mnamo Januari 2015.) Pikapu zikawekewa chujio la masizi, na kila baada ya muda injini ilitia dizeli ya ziada ili kuyachoma. Dizeli hiyo haisukumi gari hata hatua moja, na wenye magari walilalamika.

Nafuu ilikuja na urea. Ford na General Motors waliianza kwenye pikapu zao kubwa za 2011, na Ram za 2013. Mchanganyiko wa urea na maji hupulizwa kwenye ekzosi na kuzigeuza oksidi zile kuwa nitrojeni na maji. Sasa injini ingeweza tena kupuliza mapema na kuokoa mafuta, huku uchafu ukisafishwa nyuma. Kwa mara ya kwanza ule ugomvi wa mfuko na mapafu ulipata mwamuzi. Bei yake ni tangi la pili la kujaza.

Lakini wengi hawakutaka mwamuzi. Mnamo Novemba 2020 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kuwa pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa mifumo ya kusafisha moshi katika muda wa miaka kumi. Kazi hiyo huhitaji programu mpya kwenye kompyuta ya gari, na wauzaji huitangaza kama njia ya kuokoa mafuta na kuongeza nguvu.

Wakubwa nao hawakupona. Januari 2024 Cummins walikubali faini ya dola bilioni 1.675 kwa madai ya programu za kukwepa vipimo kwenye Ram 2500 na 3500, zikiwemo zaidi ya 630,000 za miaka ya 2013 hadi 2019. Kampuni haikukiri kosa. Hata hivyo, hiyo ndiyo faini ya kiraia kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa chini ya sheria ya hewa safi ya Marekani.

Tuondoke na nini?

Kwa mwenye pikapu, mafuta halali ya kuokoa bado yako palepale: punguza kasi, jaza upepo kwenye tairi, shusha mzigo usio wa lazima, tumia gia ya juu. Pikapu hizo ni nzito mno kuwekewa kibandiko cha EPA cha ulaji wa mafuta, kwa hiyo pima mwenyewe: jaza tangi, andika kilomita, jaza tena, gawanya.

Kwetu sisi waandishi wa programu, siku fundi alipokuwa akiisogeza pampu kwa mkono, kila mtu aliweza kuinama akatazama. Leo uamuzi ule ule uko ndani ya faili ambalo mwenye gari haoni na jirani yake hajui kama lipo. Ukiletewa kazi ya kuandika "kama" inayotofautisha siku ya mtihani na siku nyingine zote, jua kwamba hapo huokoi mafuta. Unahamisha bili tu, anayeipokea ni mtoto anayetembea kando ya barabara.