Siri ya Simu Mpya: Mmoja Alisahau Baa, Mwingine Alikufa

Jamaa waliotengeneza iPhone ya kwanza waliitwa kazini bila kuambiwa wanakwenda kutengeneza nini. Waliambiwa tu wajiandae kukosa usiku na wikiendi zao kwa miaka kadhaa. Ukikubali, ndipo unajua. Jengo lilijaa kamera, kuna maabara ulipitisha kadi mara nne ndipo uingie, na mlangoni palibandikwa “Fight Club”. Ndiyo, kama ile filamu, ambayo sheria yake ya kwanza ni kutoizungumzia. Simu yenyewe ilioneshwa tarehe 9 Januari 2007, San Francisco, na dunia ikapagawa.

Kufunga milango kwao kulikuwa rahisi. Kazi ni pale simu inapotoka nje.

Machi 2010, injinia mmoja wa Apple alikwenda baa mjini Redwood City, California, akiwa na iPhone 4 ya majaribio iliyovalishwa kava ili ionekane 3GS. Akaisahau. Aliyeiokota akaiuza kwa blogu ya Gizmodo kwa dola 5,000, picha zikamwagwa Aprili, polisi wakapekua nyumba ya mhariri. Watu walicheka sana. Juni simu ikazinduliwa, na ndani ya siku tatu zikauzwa milioni 1.7. Kumbe uvujaji wenyewe haukuharibu kitu!

Ila miezi nane kabla ya baa ile kulikuwa na simu nyingine, na hiyo haikuchekesha mtu.

Julai 2009, kijana wa miaka 25 aliyefanya kazi Foxconn huko China, kiwanda kinachoiundia Apple simu, alikabidhiwa iPhone 16 za majaribio azisafirishe. Moja ikakosekana. Akatoa taarifa mwenyewe. Walinzi wa kampuni wakapekua nyumba yake, na kwa ujumbe aliowaandikia marafiki, wakamfungia na kumpiga. Siku chache baada ya simu kupotea, akajiua.

Mlinzi mhusika alikana kumpiga. Foxconn ikamsimamisha na kumkabidhi polisi, kisha ikailipa familia fidia. Apple ikasema imesikitishwa, na kwamba inawataka wanaoiundia bidhaa wawatendee wafanyakazi kwa heshima. Kiwanda kikaendelea kuunda iPhone, ikiwemo iPhone 4, modeli ya ile iliyokuja kusahauliwa baa.