Kompyuta, Una Homa? Historia ya Vihisi Ndani ya Kerneli ya Linux

Leo tuache habari za programu mpya tuingie chini kidogo, mahali ambapo vumbi la feni linakutana na msimbo wa C.

Kama unatumia Linux, fungua terminali uandike sensors. Ikiwa kifurushi cha lm-sensors kimo, utaona orodha: joto la prosesa, mizunguko ya feni, volti kadhaa. Namba nyingine zitakuwa na maana. Nyingine zitakuchekesha. Unaweza kuambiwa feni imesimama ilhali unaisikia ikinguruma, au joto limefika nyuzi 127 na kompyuta haijayeyuka mezani. Watu wengi wakiona hivyo husema Linux ina kasoro. Ukweli ni kwamba namba hizo ni mabaki ya mvutano wa zaidi ya miaka 25 kati ya watu wa kujitolea walioandika kerneli na watengenezaji wa bodi mama ambao hawakupenda kueleza walivyounganisha nyaya zao.

Tuanzie chipu yenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 prosesa za Pentium zilikuwa zimeanza kuwa moto kweli, na feni ikifa, prosesa nayo iko hatarini. Kampuni ya Marekani, National Semiconductor, ikatoa chipu iitwayo LM78. Kazi yake ni kupima kihisi kimoja cha joto, feni tatu na volti saba. Kampuni nyingine kama Winbond zikatengeneza za kwao zinazofanana nayo. Upande wa mawasiliano palikuwa na I2C, njia ya nyaya mbili iliyobuniwa na Philips mwaka 1982, na ndugu yake SMBus iliyotolewa na Intel mwaka 1995. Bodi mama zikaanza kuuzwa na vihisi hivi, pamoja na programu ya Windows ya kuvisoma. Mtu wa Linux hakupewa kitu.

Ndipo Alexander Larsson akaandika kifurushi kidogo kilichoitwa lm78. Mwaka 1998 Frodo Looijaard (ndiyo, jina lake kweli ni Frodo) na Philip Edelbrock wakaijenga upya kazi hiyo na kuipanua, ikawa lm_sensors. Herufi lm hapo zinasomwa kama ufuatiliaji wa Linux, lakini kila aliyewahi kushika LM78 anajua zilikotoka.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo siri ya namba za ajabu ilipo.

LM78 hupima volti kwa biti 8, hatua za milivolti 16. Fanya hesabu: hatua 256 mara 16 ni milivolti 4,096. Yaani chipu haiwezi kuona zaidi ya volti 4 na kidogo! Sasa ule waya wa volti 12 utapimwaje? Mtengenezaji wa bodi huweka resista mbili za kuigawa volti kabla haijafika kwenye chipu. Akitumia kilo-ohm 30 na 10, volti 12 hufika zikiwa 3, na programu inatakiwa kuzidisha kwa 4. Akitumia 28 na 10, hufika kama 3.16, na programu inatakiwa kuzidisha kwa 3.8. Ukikosea ukatumia 4 mahali pa 3.8, bodi nzima kabisa itakuambia ina volti 12.6, nawe utatoka mbio kununua pawa saplai mpya bure.

Chipu haijui resista ni zipi. Kerneli haijui. Anayejua ni aliyechora bodi, naye ameshafunga ofisi na kwenda nyumbani. Ndiyo maana lm_sensors ilikuja na faili refu la sensors.conf, ambamo mtumiaji mwenyewe aliandika hesabu ya bodi yake. Watu walikaa wakilinganisha namba za BIOS na namba za Linux hadi zikubaliane. Uhandisi wa kukisia, tuuite hivyo.

Feni nayo ina kisa chake. Chipu haihesabu mizunguko kwa dakika. Huhesabu mapigo ya saa yake ya kilohezi 22.5 yanayopita wakati feni inazunguka mara moja, kisha draiva hugawanya 1,350,000 kwa hesabu hiyo, ikizidishwa na kigawanyo. Rejista ni ya biti 8, kwa hiyo hesabu ikifika 255 chipu imeshiba. Kigawanyo kikiwa 2, feni yoyote iliyo chini ya mizunguko 2,650 hivi huonekana imekufa. Kigawanyo kikiwa 4, kikomo hushuka hadi kama 1,330. Kwa hiyo ukinunua feni nzuri ya kimya inayokwenda polepole, mashine inakuonyesha sifuri. Feni haina neno. Kipimo ndicho kifupi.

Mpaka hapo kosa ni namba mbaya tu, na namba mbaya haiui mtu. Sasa tuje kwenye kisa kilichoua mashine.

Ili kujua chipu gani ziko kwenye nyaya za I2C, lm_sensors ina skripti iitwayo sensors-detect. Anwani za I2C ni za biti 7, yaani 128 kwa jumla, nazo baadhi zimetengwa. Skripti ilipita ikibisha hodi mlango kwa mlango: anwani fulani, upo? Njia ya kubisha ilikuwa kutuma anwani pamoja na alama ya kuandika, bila kuandika chochote. Chipu ikiitikia, basi ipo. Kwa chipu nyingi hilo halina madhara yoyote.

Lakini ndani ya laptopu nyingi za IBM ThinkPad mlikuwa na kumbukumbu ndogo ya Atmel, AT24RF08. Hii haikuwa ya kuchezewa. Iliweka namba ya usajili ya mashine, nywila ya BIOS na mambo kama hayo. Nayo ilikuwa na tabia yake: hodi ile tupu iliichanganya, na ombi la kusoma lililofuata ikalichukua kama data ya kuandikwa. Mwenye laptopu alitaka kujua joto tu. Alipozima na kuwasha, mashine ilikuta taarifa zake za ndani zimeharibika ikakataa kuendelea. Dawa haikuwa kufomati wala kusakinisha upya. Ilikuwa kurudisha laptopu kwa IBM ibadilishwe bodi mama.

Hebu fikiria wewe ndiye mwandishi wa programu hiyo. Unaandika bila malipo, unawapa watu bure, kisha unapata barua kwamba laptopu ya mtu ya maelfu ya dola imekufa kwa kuulizwa swali. Waliandika onyo wakaliweka ndani ya kifurushi, kisha wakachukua hatua kali zaidi: draiva ya i2c-piix4 ikafundishwa kusoma jina la mtengenezaji wa mashine kabla ya kugusa nyaya. Ikiona IBM inasema moduli hii yaweza kuharibu EEPROM yako, na inakataa kupakiwa. Njia ya kubisha hodi ikabadilishwa pia: kwenye anwani zinazokaliwa na kumbukumbu za aina hiyo, skripti sasa husoma baiti moja badala ya kutuma hodi tupu. Onyo kuhusu AT24RF08 bado limo kwenye mwongozo wa amri ya i2cdetect. Sisi tunaonunua ThinkPad za mitumba tunafaidi adabu hiyo bila kujua ililipiwa na nani.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi hii ilipokomaa. Kabla ya hapo kusoma kihisi kulionekana kama kutazama saa ukutani. Baada ya hapo ilieleweka kwamba kuuliza ni kugusa.

Tuendelee haraka kidogo. Linux 2.4 ilipotoka Januari 2001 ilikuwa na msingi wa I2C ndani yake, lakini draiva za vihisi zilibaki nje. Ulilazimika kuzikusanya mwenyewe, na matoleo yasipolingana, shauri yako. Mwaka 2003, wakati wa matayarisho ya 2.6, Greg Kroah-Hartman alianza kuziingiza ndani ya kerneli. Linux 2.6.0 ikatoka tarehe 17 Desemba 2003, na namba zikahama kutoka /proc kwenda /sys, kwa kanuni moja nzuri: faili moja, thamani moja. Mwaka 2005 vihisi vikapewa folda yao, drivers/hwmon, na darasa lao, /sys/class/hwmon. Jean Delvare alibeba mzigo wa utunzaji kwa miaka mingi, na baadaye Guenter Roeck akaupokea.

Ukifungua temp1_input utakuta kitu kama 45000. Usishtuke, ni elfu za nyuzi, yaani nyuzi 45. Kerneli haipendi kutumia namba za desimali ndani yake (chuoni nilimaliza miaka minne bila mtu kuniambia hilo), ndiyo maana kila kitu ni namba nzima: milivolti, elfu za nyuzi, mizunguko kwa dakika. Na kwa kuwa majina ya faili sasa yalikuwa ya kawaida kwa chipu zote, lm-sensors 3.0.0 ya mwaka 2007 haikuhitaji tena kuijua kila chipu kwa jina.

Lakini resista? Hesabu hiyo ilibaki nje, kwenye faili la mtumiaji. Waliamua kerneli iseme kile chipu inachokiona, si kile bodi inachomaanisha. Kuna wanaolalamika. Mimi naona waliamua vizuri, maana kerneli iliyojaa visingizio vya kila bodi ya dunia ingekuwa kama kabati la mama mzee, hakuna kinachotupwa na hakuna kinachopatikana.

Ugomvi uliofuata ulikuwa na BIOS. Kupitia ACPI, mtengenezaji huweka programu ndogo ambazo zenyewe husoma vihisi na kuongoza feni. Sasa chipu ya aina ya LM78 ina milango miwili: katika 0x295 unaandika namba ya rejista unayoitaka, katika 0x296 unasoma jibu. Draiva ikiandika "joto", kabla haijasoma, programu ya BIOS ikaingia na kuandika "feni", draiva itasoma feni na kukuambia ni joto. Hapo ndipo zile nyuzi 127 zinaweza kutokea. Kama mmoja wao alikuwa anaandika badala ya kusoma, ni balaa zaidi. Kwa hiyo tangu 2.6.31, mwaka 2009, kerneli huzuia draiva kugusa milango ambayo ACPI imesema ni yake. Watu waliamka wakakuta vihisi vyao vimetoweka. Wengi waliwasha acpi_enforce_resources=lax na kumwachia Mungu. Suluhu ya heshima zaidi ilikawia: katika toleo 5.16, Januari 2022, draiva ya nct6775 ilipewa uwezo wa kupitia WMI kwenye bodi kadhaa za ASUS, yaani inaiomba BIOS yenyewe isome badala ya kupigania mlango nayo.

Prosesa nazo zilipoanza kujipima ndani, tulidhani kukisia kumekwisha. Wapi! Draiva ya coretemp ya Rudolf Marek iliingia mwaka 2007, na kumbe kihisi cha Intel hakisemi joto. Kinasema umebakiza nyuzi ngapi kufikia kikomo. Kikomo chenyewe hakikuandikwa popote kwenye Core 2 za mezani, kwa hiyo draiva ilichagua kati ya 85 na 100 kwa kuangalia dalili. Ikikosea, umekosea nyuzi 15 nzima. Ni kuanzia prosesa za Nehalem za mwaka 2008 ndipo kikomo kikawekwa kwenye rejista inayosomeka. AMD nao mwaka 2017 walitoa Ryzen 1700X na 1800X ambazo kwa makusudi huripoti nyuzi 20 zaidi ya joto halisi, ili feni zijiendeshe kwa namna moja. Draiva ya k10temp ikalazimika kubeba jedwali la kutoa hizo 20.

Diski zilichelewa kabisa. Kwa miaka joto la diski lilisomwa na programu ya hddtemp iliyotaka ruhusa za root. Draiva ya drivetemp ya Guenter Roeck iliingia katika toleo 5.6 mwaka 2020, na mtumiaji wa kawaida akaweza kulisoma kama faili lingine lolote.

Mwaka huohuo milango mingine ilifungwa. Novemba 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, walionyesha shambulio waliloliita PLATYPUS. Prosesa za Intel zina kaunta ya nishati, RAPL, ambayo Linux iliionyesha kwa kila mtu. Waligundua kwamba nishati hubadilika kidogo kulingana na data inayochakatwa, na ukisoma kaunta hiyo mara nyingi vya kutosha unaweza kukusanya hadi funguo za siri. Faili hilo la energy_uj halimo hata kwenye hwmon, limo chini ya powercap, lakini ni kipimo kama vipimo vingine. Kerneli ikabadilishwa, na leo ukijaribu kulisoma bila kuwa root utakataliwa.