Stelingi Hafi

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni, na sinema nazitazama kama fundi cherehani. Wenzangu wakisema Commando ya mwaka 1985 ni sinema ya risasi, mimi naona mwanamume aliyeanza na shati akamaliza bila shati. Huyo hana faida kwangu. Lakini mle ndani kuna kile kigari cha njano, Porsche, kinachobiringishwa mpaka ubavu mzima ukabonyea. Schwarzenegger anakisimamisha kwa mikono yake, anaingia, anaondoka nacho, na ubavu hauna hata mkwaruzo. Kiraka kimewekwa bila uzi! Nilipiga ukelele, banda zima la video likanigeukia. Aliyekuwa akitafsiri siku hiyo hakuyumba. Alisema kwenye maikrofoni kwamba bati la gari za Marekani hujirudisha lenyewe, kama mpira. Watu wakaridhika. Nami nikaridhika, kiingilio nilishakitoa.

Huyo mwenye maikrofoni ndiye aliyenifundisha sinema, nami sijawahi kuona mtu akimshukuru.

Rika langu linadhani kazi ile ilizaliwa kwenye vibanda vya video. Ni kongwe kuliko hivyo. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kituo cha kupigia sinema Vugiri, milimani Usambara, upande wa Korogwe. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukafika 1937 ukaishia hapo, ukiwa umetoa sinema fupi 35 hivi: kilimo, afya, faida ya kuweka akiba posta. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalikuwa kwenye santuri, ikipigwa pembeni kwa lugha ya watu wa mahali hapo, na vyombo vyote vikizungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland. Kwa hiyo sinema za kwanza walizoziona babu zetu wengi wa bara zilikuja na msimuliaji wake, na msimuliaji alikuwa upande wa serikali.

Baada ya hapo ikaja Colonial Film Unit, iliyoanzishwa 1939. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo apewe sinema ya polepole na mtu wa kumweleza anachokiona. Kuna kisa mashuhuri cha Mwingereza aliyeonyesha sinema ya usafi kwa wanakijiji, kisha akawauliza wameona nini. Wakamjibu: kuku. Yeye hakujua kama kuna kuku. Ikabidi arudie mkanda picha kwa picha, akamkuta kweli, amekatiza pembeni kwa muda mfupi mno. Wasomi wamekitumia kisa hicho kuonyesha kwamba wale watu hawakujua kutazama. Mimi nasema walitazama vizuri kumshinda mwenye sinema. Kuku ni mali ya mtu. Anakatiza uani, hana mwenyewe, nani asimwangalie? Mimi mwenyewe hadi leo ni mtazamaji wa kuku. Niulize Enter the Dragon inahusu nini, nitababaika. Niulize Bruce Lee alivaa nini, nitakukatia hapa hapa mezani.

Miaka ya 1950 tukaanza kujiona wenyewe kwenye kitambaa. Rashidi Kawawa, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliwahi kuigiza katika Muhogo Mchungu. Marehemu mjomba, aliyenirithisha cherehani, alikuwa akisimulia habari hiyo kwa majivuno kana kwamba yeye ndiye aliyemshonea suti.

Mjini mambo yalikuwa mengine kabisa. Unguja walikuwa na Royal, jumba la sinema lililofunguliwa 1921. Likaungua, na mahali pake pakajengwa Majestic, pale Vuga, miaka ya 1950. Dar es Salaam kulikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox, na Amana kule Ilala. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In, upande wa Msasani, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari, na asiye na gari naye alipata njia yake. Uwanja ule leo ni ubalozi wa Marekani. Rambo na Komando wametuingia kwa milango yote ya mji, kisha nchi yao ikaja kujenga juu ya sinema yenyewe. Silalamiki, natazama tu.

Mjomba alikuwa akishona kwa mafundi wa Kihindi pale Kisutu, na Kihindi chake kilikuwa cha dukani: bei, vipimo, matusi kidogo. Kilimtosha kuwa mtafsiri wa familia. Picha la Kihindi likiingia mjini alikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nguo. Vijana walitoka sinema Jumapili, Jumatatu wapo mlangoni kwa fundi wakieleza kwa mikono jinsi suruali ya fulani ilivyofunguka chini, na fundi asiyeiona picha alikosa kazi. Bugaluu zilizoshonwa mji huu, nyingi zilipimwa gizani kwa macho. Ya pili ni kwamba alipenda sana kueleza.

Nikiwa darasa la pili alinipeleka kuona Sholay. Ilitoka India mwaka 1975, ikatufikia kwa kuchelewa, ikawa inarudi na kurudi. Ni ndefu, zaidi ya saa tatu, na mpaka leo kwangu hakuna picha iliyoipita. Gabbar Singh, adui, aliyeigizwa na Amjad Khan, ana sare ya jeshi iliyochakaa na mkanda wa risasi begani. Huyo aliyemvisha alijua kazi: nguo ya dhuluma haipigwi pasi. Mjomba alikaa kati yangu na mama mmoja tusiyemjua, akatafsiri kwa kunong'ona, na nyuma yetu watu wakainama mbele wasikilize. Kila mstari wa viti ulikuwa na mjomba wake. Ukikaa katikati ya wawili ulipata picha mbili kwa tiketi moja, na zilikuwa hazifanani.

Sasa, sisi watoto tulikuwa na sheria moja. Stelingi hafi. Neno lenyewe lilitoka kwenye mabango ya sinema, palipoandikwa starring na jina la mwigizaji, nasi tukalifanya cheo. Kuna stelingi, kuna adui, na stelingi hafi. Anapigwa, anatoboka, anaanguka jengoni, anasimama. Amitabh Bachchan akipigwa risasi pale darajani nilitulia kabisa nikisubiri asimame. Hakusimama. Mwenzake akamkumbatia akalia, Mhindi mmoja mzima mbele yetu akalia, nami nikamgeukia mjomba. Mjomba akaniangalia, akaangalia kitambaa, akasema: "Hajafa huyo. Wanampeleka Muhimbili."

Niliamini kwa miaka kadhaa. Nilipita Muhimbili na mama nikachungulia.

Nilipokuja kujua ukweli sikumkasirikia. Ndiyo kwanza nikaelewa kwamba mtafsiri hatafsiri. Anaiona picha, anakuona na wewe uliyekaa mbele yake, halafu anakata kitambaa kwa kipimo chako.

Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar wao walikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1970, tena ya rangi, na mtaani kwetu alikuwepo mtu mmoja aliyesimamisha antena juu ya mlingoti mrefu akiielekeza Unguja. Upepo ukivuma, Unguja inaondoka. Tulichokuwa nacho zaidi ni deki za video. Mabaharia walizileta kutoka Dubai, na katikati ya miaka ya 1980, biashara zilipolegezwa, zikazagaa. Kwa deki moja, runinga moja, mabati manne na mapazia ya gunia, mtu alikuwa na sinema yake. Tuliviita vibanda umiza. Aliyekaa saa tatu kwenye ubao usio na mgongo, joto la watu themanini, hahitaji kuelezwa jina lilikotoka.

Majumba makubwa yakaanza kufa, vibanda vikaongezeka, na kunong'ona kwa mjomba kukapata spika. Tatizo lilikuwa wazi: Kiingereza cha sinema si kile cha shule, na picha za Hong Kong zilikuja na sauti ya Kichina na maandishi madogo yanayokimbia kuliko Bruce Lee. Mwenye banda akapunguza sauti ya kanda, akashika maikrofoni, akaeleza. Wazuri walijaza banda, na wabovu waliambiwa wanyamaze. Rambo wa banda letu hakupigana Vietnam. Alikuwa askari aliyedhulumiwa kiinua mgongo chake, na nikimtazama uso nakubali kwamba maelezo yalimkaa vizuri. Jina lake lilienea mpaka mifuko ya plastiki tukaiita rambo. Ilipopigwa marufuku Juni 2019 bado watu walisema serikali imemkamata Rambo.

Baadaye sauti hizo zikaanza kurekodiwa na kuuzwa. Aliyevuma kuliko wote Dar es Salaam alikuwa Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu. Ukinunua mkanda wake, baadaye CD, Kariakoo, hukuuliza nani ameigiza, uliuliza kama ni Lufufu. Alieleza, akakosoa, akaonya, akacheka kabla yako. Wakenya wakampata DJ Afro wao, na Uganda wanao wale wanaowaita VJ, wanaotafsiri kwa Kiganda katika mabanda ambayo nao wanayaita kibanda. Wenye sinema huko Marekani hawakupata senti, hilo najua, na mwanasheria atasema ni wizi. Mimi nimeshona nakala za suruali za Amitabh tangu utotoni. Si shahidi mzuri.

Titanic, ya mwaka 1997, niliiona mara ya kwanza kwa tafsiri. Ni ndefu pasipo sababu. Meli inagonga barafu wakati nimeshachoka nayo. Ilipata Oscar 11, na ile moja ya mavazi ndiyo pekee ninayoitetea, maana yale magauni yamepigwa mkono na watu wanaoheshimu shanga. Stelingi anakufa tena, majini, na banda zima lilibishana kuhusu ule ubao, kwamba ulitosha wawili. Mtafsiri alitulia kidogo. Kisha akasema kijana alimwachia binti nafasi kwa sababu hakuwa na mahari. Hakuna aliyebisha tena.

Kisha tukawa na mastaa wetu. Sinema ya Girlfriend ilitoka 2003, Bongo Movie zikafuata kwa mafuriko, na Mtaa wa Aggrey ukawa ghala la sinema za nchi nzima. Nyingine nilizishonea. Sitasema zipi, kwa sababu sauti zake zilikuwa mbaya na sitaki nihusishwe. Hazikuhitaji mtafsiri, zilisema Kiswahili, japo majina ya jaladani yalikuwa ya Kiingereza. Steven Kanumba ndiye aliyekuwa stelingi wa kweli, mtu wa kuvaa suti ikakaa. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Siku ya maziko nilifunga duka nikaenda Kinondoni kwa miguu, umati hauna mwisho, wanawake wanazimia. Kijana mmoja kando yangu alirudia rudia, "Hapana, hapana, ni mchezo huu." Nilimwelewa. Mjomba alikuwa amekwishafariki, na hapakuwa na mtu wa kutugeuzia mwisho.

Katuni zimenifikia kwa kuchelewa, kupitia wajukuu. The Lion King ya 1994 inanichekesha pasipokusudiwa. Fisi anaitwa Shenzi, ngiri anaitwa Pumbaa, na nyani anaitwa Rafiki, kama vile mtu alifungua kamusi akafumba macho. Huyo Rafiki wenyewe wanasema ni mandrili, mnyama wa misitu ya Afrika ya magharibi na kati. Serengeti amefuata nini? Na hakuna matata, ambayo Disney waliisajili kama alama yao ya biashara, Magomeni humsikii mtu akiisema labda awe anamsindikiza mtalii. Sisi ni hamna shida.

Tom na Jerry nawaheshimu. Wapo tangu 1940 na kwa kawaida hawasemi, kwa hiyo mtafsiri hana ugali pale. Nina neno moja tu: Jerry ni mchokozi. Tangu ile ya kwanza paka ameambiwa akivunja kitu kingine atafukuzwa nyumbani, na panya akaanza kuvunja makusudi. Huyo paka ni mtu wa kazi anayelinda kibarua. Nimemweleza hivyo mjukuu wangu mara nyingi, kwa sauti ya Lufufu, nikimtilia paka maneno mdomoni: "Nina watoto Handeni, niachie kazi yangu!" Alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Siku hizi anapenda Ubongo Kids, katuni iliyoanza 2014, inayotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam. Inafundisha hesabu, inaimba, inasema Kiswahili safi. Rangi zake nzuri, ingawa nguo za wahusika hazina hata mfuko mmoja. Juzi nilikaa naye, nikaona twiga anajiandaa kusema jambo, nikamtangulia kwa maneno yangu.

"Babu," akasema bila kunitazama, "nyamaza kwanza, nasikiliza."

Nikarudi kwenye cherehani. Kulikuwa na suruali ya mtu inataka kupunguzwa kiuno.